Kopo namba 50: damu ya mzee ilivyofunika kontena zilizolipwa

Jumamosi, saa mbili kasorobo asubuhi, niko barazani nyumbani Kisauni na mahamri yangu na mbaazi, simu ikalia. Dada wa hesabu wa ile ofisi ya kuklia mizigo niliyokuwa nawafanyia kazi, hata salamu hakunipa. "We kaka, umenifanyia nini faili yangu? Kontena zote zimeiva!" Kuiva, kwa lugha ya pale ofisini, ni kuingia demareji, yani siku za bure zimekwisha na kila usiku mzigo ukilala hesabu inapanda. Nikamwambia dada tulia kwanza, zimeiva ngapi? Akasema zote, kuanzia juu mpaka chini ni rangi ya damu ya mzee tupu, ile maruni ya kontena iliyopitisha siku, na yeye kabla hajashtuka alishatuma meseji kwa wateja 17 kuwaambia wakimbie wakalipe, mmoja wao ni mzee wa mitumba wa Kongowea ambaye kontena yake alishailipia wiki iliyopita na risiti anayo mfukoni, na huyo mzee alishapiga simu mara tatu na ile sauti yake nadhani hata feri ya Likoni walisikia.

Mahamri yakaniganda mdomoni.

Sasa nieleze tulifikaje hapo. Ofisi yenyewe iko ghorofani Moi Avenue, hatua chache tu kutoka zile pembe za ndovu. Kazi zao zote wanaziweka kwenye faili moja ya Excel, mistari 154 wakati huo, safu 9, kila mstari kontena moja: namba yake, mwenyewe, meli iliyoleta, siku iliyoshuka, siku za bure zinaisha lini, na kadhalika. Dada wa hesabu ana mtindo wake wa miaka, mteja akilipa yeye anaupaka ule mstari rangi ya ndimu, basi. Hakuna safu imeandikwa "amelipa". Rangi ndo risiti. Na faili ni ya zamani, .xls, kwa sababu kompyuta yake ya mezani ina Excel ya 2003 na haitaki kusikia habari ya kubadilishwa, na mimi sikulipwa kugombana na kompyuta.

Bosi, mzee wa Mji wa Kale, mpole lakini akishikilia jambo ameshikilia, aliniita akaniambia hivi: "Mwanangu, nataka kila usiku mashine ipitie yenyewe, kontena iliyopitisha siku ipakwe damu ya mzee, iliyobakisha siku mbili ipakwe manjano. Lakini damu ya mzee hii, si nyekundu." Akanionyesha kadi ya biashara ya kampuni. Ile maruni iliyokoza ya leso za zamani, nikaipima nikapata 122 nyekundu, 20 kijani, 40 buluu. Manjano nikachagua mwenyewe, ya embe dodo, 245, 190, 60. Kazi ndogo. Nikamwambia mzee wiki moja.

Natumia lugha ya programu ya Java na Apache POI, ile laibrari ya bure inayosoma na kuandika faili za Excel bila Excel yenyewe. Kwa wasioijua, sehemu yake inayoshughulika na .xls inaitwa HSSF, na hizo herufi ni utani wa walioitengeneza, kwa Kiswahili cha kawaida ni kama kusema fomati ya kutisha ya lahajedwali. Nilicheka siku ya kwanza. Jumamosi ile sikucheka.

Mitego ya mwanzo nilianguka yote, ntaipitia haraka manake kila mtu huanguka. Mara ya kwanza niliweka rangi na seli ikabaki nyeupe, kumbe rangi peke yake haitoshi, lazima useme na mtindo wa kujaza, yani SOLID_FOREGROUND, ukiacha hivyo Excel inaona umetaja rangi lakini hukuagiza ipakwe. Mara ya pili nikaweka mtindo lakini nikaita setFillBackgroundColor, manake akili inakwambia si nataka rangi ya nyuma ya maandishi? Seli ikatoka nyeusi ti. Kwa Excel kujaza seli kuna rangi mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa ajili ya zile seli za mistari na vidoti, na ukijaza kikamilifu inayoonekana ni ya mbele peke yake, kwa hiyo mimi nilipaka rangi nyuma ya ukuta halafu mbele nikaacha ile ya kawaida ambayo ni nyeusi. Ukibadilisha kuwa setFillForegroundColor inatulia. Hili jina linapotosha watu kila siku na sidhani litawahi kuacha.

Mara ya tatu ndo nikakutana na jambo lenyewe. Nikagundua kwenye .xls siwezi kuipa seli 122, 20, 40 moja kwa moja. Inataka namba moja tu. Kuna njia ya kuiambia POI nitafutie rangi inayofanana, inaitwa findSimilarColor, nikaijaribu ikaniletea 128, 0, 0, nyekundu iliyokolea ya kawaida. Nikampelekea mzee. Akaangalia, akavaa miwani, akaangalia tena. "Hii ni damu ya kijana." Nikarudi kwenye laptopu.

Hapa ndipo pa kuelewa vizuri, kwa sababu kisa chote kimelala hapa. Faili ya .xls, ile fomati iliyokuja na Excel 97, haihifadhi rangi ndani ya seli. Fikiria fundi rangi amekuja na makopo 56, kila kopo lina namba, kwa hesabu ya POI kuanzia 8 mpaka 63. Ukutani haandiki "paka kijani cha ndimu", anaandika "kopo 50". Ukitaka kujua ukuta una rangi gani lazima uende ufungue kopo 50 uangalie ndani. Na kila faili inatembea na makopo yake. Hayo makopo kwa pamoja ndo paleti. Kwa hiyo ukitaka rangi yako maalum huna njia ya kuongeza kopo la 57, unachofanya ni kumwaga kopo mojawapo na kutia rangi yako mle ndani, na POI inakupa setColorAtIndex kwa kazi hiyo.

Mfano uliomo kwenye mwongozo wa POI wenyewe unafanya hivyo hivyo, unamwaga kopo la nyekundu na kopo la Lime, yani ndimu, unatia rangi za tovuti ya FreeBSD. Mimi nikaufuata. Nyekundu nikaiogopa kwa sababu jina la kampuni juu ya faili limeandikwa kwa nyekundu, nikajiona mwerevu sana kwa kuliona hilo. Nikachukua Lime, kopo 50, nikamwaga, nikatia damu ya mzee. Embe dodo nikalitia kopo 51, la dhahabu. Nikajaribu kwenye faili tupu niliyoitengeneza mwenyewe, safi kabisa, maruni imekaa kama ya kwenye kadi. Mzee akatabasamu. Ijumaa usiku programu ikaingia kwenye faili ya kweli kwa mara ya kwanza.

Wewe unayesoma ushaona. Mimi Jumamosi ile sikuona, na ndo aibu yenyewe.

Nilipofika ofisini, jasho la kutoka matatu ya Kisauni hadi mjini halijakauka, nilikuwa nimeshaamua kosa liko kwenye hesabu ya tarehe. Nikasema lazima programu inasoma tarehe vibaya, siku mbele mwezi nyuma, ndo maana kila kontena inaonekana imepitisha siku. Nikakaa saa nzima nachunguza tarehe. Tarehe ziko sawa zote, kontena sita tu ndo zilipita, tano zinakaribia, na zilizobaki 143 programu haikuzigusa hata kidogo, nilikuwa nimeiambia mstari wowote ambao tayari una rangi iuruke. Logi, yani daftari ambamo programu inajiandikia ilichofanya, inasema imepaka 11. Macho yanasema zimepakwa zote 154, 149 damu ya mzee na tano embe. Dada kasimama nyuma yangu anatafuna bazoka. Simu ya Kongowea inalia tena.

Halafu nikapotea tena, nikachapisha rangi kama programu inavyoziona nikaona embe dodo langu limekuwa -11, -66, 60. Hasi! Nikasema haa, tumempata mwizi. Lakini wapi, huyo si mwizi, ndivyo Java ilivyo, baiti yake inatoka -128 mpaka 127, ukiandika 245 ndani ya baiti inajionyesha kama -11 lakini biti zilizomo ni zilezile na Excel inazisoma 245 vizuri tu. Nusu saa imekwenda. Nalitaja kwa sababu nimeona watu wanaanza "kurekebisha" hizo hasi na ndipo wanapoharibu kitu kilichokuwa kizima.

Aliyetatua kisa si mimi. Dada wa hesabu alichoka kunisubiri, akaenda kwenye kompyuta yake, akafungua faili, akachagua mistari kama ishirini hivi akainakili kwenye faili yake nyingine ya miadi ya wateja, aanze kupigia watu simu kuomba radhi. Akaniita. "Njoo uone maajabu, hapa zimerudi kijani."

Nikaenda mbio. Kweli. Mistari ileile, upande huu damu ya mzee, imevuka kwenye faili ya pili imekuwa ndimu. Na hapo kichwani kukawaka taa. Seli ilipovuka kwenye ile Excel ya 2003 haikubeba rangi, ilibeba namba, "kopo 50", na kule kwenye faili ya pili kopo 50 bado lina ndimu ya kiwandani, 153, 204, 0. Dada miaka yote alikuwa anapaka kwa kopo 50. Mimi sikupaka kontena zake. Mimi nilimwaga kopo lake nikatia rangi yangu, na kila ukuta ulioandikwa kopo 50 ukageuka kwa pamoja bila hata seli moja kuguswa. Ndo maana logi ilikuwa inasema kweli, na macho pia yalikuwa yanasema kweli.

Nikaandika vijistari vitatu vya kuthibitisha, pitia kila mstari uniambie namba ya kopo: 50, 50, 50, 50... mara 149, na 51 mara tano.

Mfano wa kwenye mwongozo haukuwa na kosa, nisiusingizie. Unamwaga makopo kwenye faili mpya ya majaribio, na wenyewe unasema kabisa kwamba popote ulipokwisha kupaka nyekundu au ndimu patageuka. Mimi nikaenda kufanya hivyo kwenye nyumba ya watu wanaishi. Na kopo 51 kutoleta balaa ni bahati tu, hakuna aliyekuwa anaipenda dhahabu.

Sasa kulirudisha. Kurudisha ndimu kopo 50 ni mstari mmoja wa programu, na kontena 143 zinapona kwa mpigo. Lakini angalia, zile sita zilizochelewa kweli nazo ziko kopo 50. Ukirudisha ndimu zinakuwa kijani, yani zimelipwa. Kabla ya Ijumaa kulikuwa na tofauti kati ya iliyolipwa na isiyolipwa, na tofauti hiyo ilikaa mahali pamoja tu duniani, kwenye rangi, na mimi nimezitia zote kopo moja. Hakuna programu itakayozitenganisha tena manake ndani ya faili hakuna kilichobaki cha kuzitenganishia. Bekapu? Ya mwisho ilikuwa ya Jumanne, kwenye flashi ya mzee, na kati ya Jumanne na Ijumaa watu walikuwa wanalipa.

Kilichotuokoa ni karatasi. Dada huchapisha faili kila Ijumaa jioni anaweka kwenye boksi faili, printa ni nyeusi na nyeupe, na ndimu ikichapishwa inatoka kijivu hafifu. Mistari isiyopakwa ni myeupe. Basi tukakaa, yeye na rula, mimi na laptopu, mstari kwa mstari, kijivu, kijivu, nyeupe, kijivu. Weupe 11. Tano tayari zilikuwa embe, sita ndo zetu. Saa sita mchana tukamaliza, na mzee wa Kongowea aliombwa radhi na bosi mwenyewe kwa mdomo wake, jambo ambalo nililisikia nikiwa nimeinama chini ya meza najifanya natafuta waya.

Marekebisho yenyewe sasa. Nilianza kwa kuuliza makopo gani hayana mwenyewe. Kwenye ile Excel ya zamani ukifungua kidirisha cha rangi za kujaza unaona 40 tu, zile 16 zilizobaki zimetengwa kwa ajili ya chati, nane za kujaza na nane za mistari. Zile nane za mistari ya chati, kwa POI ni kopo 32 mpaka 39, zimejaa rangi ambazo tayari ziko kwenye makopo mengine, marudio matupu. Kopo 37 kwa mfano lina ileile 128, 0, 0 iliyomo kopo 16, na 34 ni manjano ileile ya kopo 13. Faili ya ofisi haina chati hata moja. Basi damu ya mzee nikaitia 37, embe nikalitia 34, na 50 na 51 nikazirudisha kama zilivyotoka kiwandani.

Na safari hii sikuamini macho. Kabla ya kumwaga kopo lolote programu inapita kwanza kwenye staili zote za faili, yani maagizo ya jinsi seli zinavyopambwa, inaangalia rangi ya kujaza ya mbele na ya nyuma, na fonti, na mipaka ya seli, manake mpaka wa seli nao una namba ya kopo na mtu anaweza kusahau kabisa. Kopo likionekana linatumika na mtu mwingine, programu inasimama na kulalamika. Afadhali ilalamike kwangu saa sita usiku kuliko kwa mzee wa mitumba asubuhi.

Hapohapo nikaona upumbavu wangu wa pili. Ile kanuni ya "mstari wenye rangi uruke" ilimaanisha kontena ikishapakwa embe Jumatatu, Alhamisi ikipitisha siku programu inaiona ina rangi tayari, inairuka. Embe lisingeiva kamwe. Hilo lisingejulikana mpaka mtu apigwe demareji ya wiki nzima huku mstari wake unang'aa manjano. Kwa hiyo tukaongeza safu ya 10, "Hali", inaandikwa kwa maneno: imelipwa, inakaribia, imepita. Programu inasoma safu hiyo na tarehe, basi, rangi inapakwa mwisho kabisa kama matokeo tu, ukizifuta rangi zote leo kesho zinarudi zenyewe.

Kitu kingine kidogo. Staili za kupakia nilikuwa nazitengeneza ndani ya lupu, ile sehemu ya programu inayojirudia kwa kila seli, kwa hiyo kila seli na yake. Kwenye faili ya mistari 154 huoni shida, lakini nilipojaribu faili la mwaka mzima, mistari 600 mara safu 9, POI ikagoma ikasema umepitisha staili 4000, huo ndo mwisho wa .xls. Tengeneza staili mbili tu nje ya lupu uzigawe kwa seli zote.

Watu wawili nilipowahadithia waliniambia mbona hukuhamia .xlsx yakaisha. Kweli yangeisha, fomati hiyo iliyokuja 2007 inabeba rangi yako mwenyewe ndani ya staili, unaiandika 7A1428, ambayo ni ileile 122, 20, 40 kwa namba za msingi wa 16, unaendelea na maisha, na ukitumia lugha ya Python na laibrari yake ya openpyxl ni hivyohivyo, mradi usisahau kusema ujazo ni solid. Ningekuwa naanza faili mpya leo nisingeigusa .xls hata kwa mti. Lakini hapa palikuwa na dada na Excel yake ya 2003. Mwingine akasema ungemwandikia makro ya VBA, ile lugha ya programu iliyomo ndani ya Excel yenyewe, mlemle ndani. Nilijaribu kwa udadisi tu, nikachukua ileile 7A1428 nikaitia kama ilivyo kwenye Interior.Color, damu ya mzee ikatoka buluu ya wino, kwa sababu VBA inasoma upande wa pili, buluu kwanza nyekundu mwisho, kwa hiyo 122 yangu ya nyekundu ikawa ya buluu. Hata hivyo ukiipata sawasawa, ukihifadhi .xls unarudi kwenye makopo yaleyale 56.

Safu ya Hali inafanya kazi mpaka leo. Dada anaandika "imelipwa" kama tulivyokubaliana, halafu anashika kipanya anaupaka mstari mzima ndimu vilevile kwa mkono. Nilimwambia dada hakuna haja sasa, mashine inajua. Akanijibu mashine inajua, macho yangu je? Basi kwenye programu, juu kabisa kabla ya mstari wa kwanza, nimeandika kwa herufi kubwa: KOPO 50 NI LA DADA WA HESABU.